Nani Amlipie Nyegere?

Nyegere ana kesi mbili katika Kiswahili, na zote mbili tulizihukumu bila kumsikiliza. Ya kwanza ni wivu. Mtu asiyetaka mkewe asalimiwe barabarani huambiwa ana wivu kama nyegere. Watafiti waliowafuata wanyama hawa katika jangwa la Kalahari mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuta mambo tofauti: dume na jike huishi mbalimbali, wakutane kwa ajili ya kupandana tu, kisha jike hulea peke yake. Huyo mume mwenye wivu tulimtoa kwetu wenyewe, tukambandika mnyama.

Kesi ya pili ni wizi, na hii si ya vijiweni. Ina mashahidi.

Babu yangu mzaa mama anafuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora, katika nchi ya miombo. Mizinga yake mingi ni ya magogo na magome, huning'inizwa juu ya miti. Nyegere naye anapanda miti. Mzinga ukivunjwa hupotea zaidi ya asali. Nyegere hula na majana, yaani watoto wa nyuki, na kundi lililonusurika mara nyingi huhama. Mfugaji hubaki na gogo tupu, akisubiri kundi jingine liingie, na kundi jingine halina ahadi.

Sisi tunaosoma falsafa tuna jibu la haraka hapa. Mwizi ni yule anayejua mpaka wa mali ya mtu kisha akauvuka. Nyegere hajui mali ni nini. Amekuwa akila asali na majana kabla mtu yeyote hajachonga mzinga. Tena asali yenyewe si yetu: nyuki waliitengeneza wapate kuishi nayo, sisi tukaja na moshi usiku. Tukisema nyegere ni mwizi, basi amemwibia mwizi mwenzake.

Nilimweleza babu hoja hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mjukuu wangu, si mwizi. Sasa sare za mdogo wako nimdai nani?"

Nimelichukulia swali hilo kwa uzito kuliko mengi niliyokutana nayo darasani. Hoja yangu haikuvunjwa. Nyegere kweli si mwizi. Ila kumwondolea mtuhumiwa hatia hakuondoi hasara. Hasara ipo palepale juu ya mti, na lazima imwangukie mtu fulani. Swali la maadili linaanzia hapo: imwangukie nani?

Jibu la kwanza linalotolewa vijijini ni kwamba imwangukie nyegere. Tega waya, weka sumu, umalize ugomvi. Lakini sumu haichagui. Mbwa wa jirani ataila, na tai atakayeshukia mzoga ataila pia. Tena nyegere si panya. Jike huzaa kwa kawaida mtoto mmoja, akakaa naye mwaka mzima na zaidi akimfundisha kuchimba na kuwinda. Ukimuua mama, umeua wawili. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, nyegere bado yuko daraja la wasio na hofu kubwa, ingawa idadi yake inahesabiwa kuwa inapungua. Wapo wanaosema basi tusubiri. Mimi naona ajabu kwamba mnyama aanze kustahili huruma siku anapokaribia kwisha, kana kwamba uhai wake hupata thamani kwa uhaba, kama sukari.

Jibu la pili linatoka mjini: tumpende nyegere, tuishi naye kwa amani. Wanaolisema hawana mizinga. Upendo wao ni wa kweli, lakini bili yake inapelekwa Sikonge. Serikali yetu angalau ina lugha nyoofu kuhusu mambo haya. Tembo akila mahindi au simba akiua mtu, kinachotolewa hakiitwi fidia. Huitwa kifuta jasho, au kifuta machozi pale ambapo mtu ameumia au kufa. Majina yenyewe yanakiri kwamba mzigo haukubebwa. Aliyeubeba amepewa kitambaa tu.

Je, kuna jibu la tatu? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wafugaji nyuki wa Western Cape, Afrika Kusini, walikuwa katika ugomvi huuhuu. Mizinga yao mingi ni masanduku yanayokaa chini, na nyegere huyapindua. Watafiti na watu wa uhifadhi walikaa nao wakatafuta njia: mzinga uinuliwe juu ya stendi, kama mita moja hivi, au ufungwe kwa mikanda imara usipinduke wala kufunguka. Mfugaji aliyekubali kufanya hivyo na kuacha kuua aliruhusiwa kuweka alama kwenye chupa yake, ili mnunuzi ajue asali hii haikugharimu uhai wa nyegere. Mlaji naye akaingizwa katika kesi ambayo hakuwa akijua kwamba inamhusu.

Hilo ndilo ninaloliamini. Kuishi na mnyama wa porini ni kugawana gharama, na mgawanyo una kanuni mbili. Anayeweza kujua ndiye mwenye wajibu. Nyegere hawezi kujifunza sheria zetu, ila sisi tunaweza kujifunza za kwake: kwamba kucha zake hushika gome lakini huteleza kwenye bati lililozungushiwa shina, na kwamba mzinga unaoning'inia kwenye waya mbali na shina humsumbua sana kuufikia. Kanuni ya pili ni kwamba anayefaidi asali alipie bati na waya. Babu ana ujuzi. Hela ya bati ndiyo hana. Na asali yake haiishii Sikonge. Inasafiri kwa madumu hadi mijini, inamiminwa kwenye chupa, inawekwa kwenye chai ya mtu anayependa wanyama.

Mtu huyo akiwa ni wewe, muulize muuzaji asali hii ilirinwa wapi, na mizinga ya huko inalindwaje dhidi ya nyegere. Huenda hatajua. Wakiulizwa wengi, atalazimika kumuuliza aliyemletea, na huyo atamuuliza babu. Babu ana jibu tayari, na ana bei yake.