Je, Ni Haki Kumlazimisha Mtoto Kula?

Soma: Kutoka 16:13–21, Hesabu 11:4–6, 31–33, Waefeso 6:4.

Ijumaa jioni, jua likielekea kuzama, nyumba nyingi za Waadventista huwa katika haraka ya namna moja. Nguo zimepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, na watu wanataka kula mapema ili ibada ya kufungua Sabato isichelewe. Hapo ndipo mtoto wa miaka mitatu anapofumba mdomo. Mama anabembeleza, kisha anatisha. Baba anaweka fimbo mezani. Mtoto anameza ugali pamoja na machozi, na dakika chache baadaye familia hiyo hiyo inaimba wimbo wa kuikaribisha Sabato.

Mungu amempa mzazi mamlaka juu ya mtoto. Je, mamlaka hayo yanafika hadi ndani ya tumbo lake?

Wapo watakaojibu ndiyo, nao wana hoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama anayeshindilia kijiko kwa kawaida si mkatili, anaogopa. Tena wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba kuacha chakula ni kumdharau aliyekipika na Mungu aliyekitoa.

Lakini tuangalie jinsi Mungu mwenyewe alivyowalisha watu wake jangwani. Alichagua chakula: mana, wala si matikiti na vitunguu vya Misri. Alichagua saa: asubuhi, kwa maana jua lilipokuwa kali iliyeyuka. Waliponung'unika, hakuiondoa mana kwa sababu ya kelele zao. (Kware walikuja, na tunajua walikuja na nini.) Hata hivyo, agizo la kuokota lilikuwa kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake. Yeye aliyeweka sheria ya chakula na saa yake aliitambua pia tofauti ya tumbo na tumbo.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amefundisha mgawanyo unaofanana na huo: mzazi huamua chakula gani, saa ngapi na mahali gani, mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri mtoto mdogo alishwe polepole na kwa uvumilivu, akihimizwa bila kulazimishwa. Sababu zipo mwilini. Baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua sana, na hamu ya kula hupungua nayo. Chakula kigeni anaweza kukikataa mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Anayetaka kujua kama mtoto anakula vya kutosha aangalie kadi ya kliniki kabla ya kuangalia sahani. Na kama uzito hauongezeki, ampeleke kwa mganga, kwa sababu fimbo haitibu ugonjwa.

Kwangu mimi, uzito wa jambo hili uko kwenye fundisho letu la kiasi. Tunawaambia vijana wajizuie, wajue kusema imetosha. Neno hilo mtoto wa miaka mitatu tayari analijua. Anaposukuma sahani kwa kuwa ameshiba, mwili wake umesema imetosha, nasi tunampiga kwa kuusikiliza. Baada ya miaka 20 tutamhubiria kiasi na kushangaa kwamba haelewi.

Hii haina maana kwamba mtoto ndiye atawale jikoni. Aliyepewa soda na biskuti saa kumi jioni hana kosa akikataa maharage saa kumi na mbili. Hapo mzazi ndiye aliyeiacha zamu yake. Wala asipikiwe chipsi kwa sababu amelia. Apakuliwe kidogo, aongezewe akitaka. Akikataa, sahani iondolewe bila hotuba, na uji wa asubuhi uje kwa saa yake. Na siku ya Ijumaa, si dhambi kumlisha mdogo kabla ya wengine, ili wakati wa ibada asiwe na njaa wala machozi.

Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao. Mara nyingi tunalisoma onyo hilo tukiwafikiria vijana wakubwa wenye maneno, tukimsahau yule anayekaa kwenye mkeka na kijiko cha plastiki.

Maswali ya kujadili:

1. Ni mambo gani ya mezani ambayo mzazi hapaswi kumwachia mtoto kamwe?

2. Msimamizi wa Danieli alikuwa na mamlaka ya kumlazimisha, akakubali kumjaribu siku kumi (Danieli 1:8–16). Danieli alikataa kwa dhamiri. Mtoto hukataa kwa ladha au kwa shibe. Je, tofauti hiyo inabadili namna tunavyopaswa kumsikiliza?

3. Bibi aliyekulea kwa fimbo ya mezani angali hai, naye ndiye anayekaa na mtoto wako mchana. Utazungumzaje naye bila kumvunjia heshima?