Jina Juu ya Zawadi

Mtu apelekaye nguo kwa mdarizi hana budi kujibu maswali matatu. La kwanza ni la kitambaa, la pili ni la rangi ya uzi, na la tatu ni la maandishi: jina gani litiwe, na kwa herufi ngapi? Maswali mawili ya mwanzo ni ya macho na ya mfuko. Swali la tatu, ingawa huulizwa kwa sauti ile ile na kujibiwa kwa haraka ile ile, ni swali la moyo. Mimi nililijibu vibaya nilipokuwa kijana, na tangu siku hiyo sijaweza kuliona kuwa swali dogo.

Nilikuwa nimepata mshahara wangu wa kwanza. Mjomba wangu ndiye aliyenilipia karo ya shule baada ya baba yangu kufariki, nami nilitaka kumpa zawadi ya Idi. Nilikwenda kwa fundi mmoja mzee katika Mji wa Kale, Mombasa, nikaagiza kofia ya kushonwa kwa mkono. Huenda wasomaji wa bara hawaijui kazi iliyomo katika kofia hiyo. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, kisha nakshi hutobolewa vitundu vidogo vidogo kwa sindano, na kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni mpaka kikawa imara kama jicho. Vitundu hivyo ni vingi mno, na kofia moja iliyoshonwa vizuri yaweza kumshughulisha fundi kwa miezi. Nilimwambia mzee yule atie herufi mbili katika ukanda wa mbele, panapokaa juu ya paji la uso.

"Herufi za nani, mwanangu?" aliniuliza.

"Zangu, mzee. Ya jina langu na ya jina la baba yangu."

"Na kofia ataivaa nani?"

"Mjomba wangu."

Alinyamaza kitambo, akaifuta miwani yake kwa pindo la shuka. "Nitashona upendavyo," alisema. "Lakini kalale kwanza, kisha uje asubuhi uniambie tena." Nilimjibu kwamba nimekwisha kukata shauri, nikatoa arubuni, nikaenda zangu.

Siku ya Idi mjomba aliipokea kofia kwa mikono miwili, akanishukuru, akaniombea dua. Tukaenda kusali. Mimi nilisimama katika safu ya nyuma yake, na pale kisogoni pake, karibu kabisa na macho yangu, nikazisoma herufi zangu mwenyewe. Alikuwa ameigeuza kofia.

Kosa langu lilikuwa nini? Kutia jina katika nguo si jambo baya kwa asili yake. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, wasichana walifundishwa kushona herufi kwa mishono ya kukingamana, aghalabu kwa uzi mwekundu, katika mashuka na vitambaa vya meza, ili nguo zipelekwazo kwa dobi zisipotee wala zisichanganyike na za jirani. Wengine waliongeza tarakimu chini ya herufi, ili kila shuka itumike kwa zamu yake na moja isichakae kabla ya nyingine. Hapo jina ni kufuli tu. Kila mwanafunzi aliyepata kulala bwenini anaifahamu hekima ya kufuli hiyo, na kama haifahamu, ataifahamu asubuhi atakapokuta kamba ya kuanikia imebaki tupu.

Lakini kufuli huwekwa na mwenye mali juu ya mali yake. Mtu atoaye kitu na papo hapo akatia kufuli yake juu yake, ametoa nini?

Zamani, katika dola za Bani Abbas wa Baghdad na za Fatimiya wa Misri, palikuwa na karakana za watawala zilizofuma na kudarizi nguo zenye ukanda wa maandishi uitwao tirazi. Neno letu "kutarizi" ni ndugu wa neno hilo. Katika ukanda huo liliandikwa jina la khalifa pamoja na dua, na mara nyingi jina la waziri aliyeamuru kazi, mji ilikofanyiwa, na mwaka. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, ameihesabu tirazi miongoni mwa alama za utawala. Khalifa aliwavika watumishi wake mavazi hayo kuwa tuzo. Aliyevikwa alipata heshima, wala sisemi kwamba heshima ile ilikuwa ya uongo. Lakini kila amwonaye barabarani alisoma begani pake ni mtu wa nani. Mtawala alijua alitendalo. Zawadi yake ilikuwa shukrani kwa kazi iliyopita na hatamu kwa kazi ijayo.

Mimi sikuwa khalifa, nilikuwa karani mwenye mshahara mdogo. Walakini nilifanya alilofanya khalifa, tena kwa mtu aliyenilisha. Nilidhani ninalipa deni, kumbe nilikuwa nataka deni ligeuke upande, mjomba awe mdaiwa na mimi niwe mdai, na watu wote waione hati ya deni hilo juu ya uso wake. Leo huliona jambo hili kwa sura kubwa zaidi. Wakati wa uchaguzi wanyonge hugawiwa fulana zenye majina ya wanaotaka kura. Kuna watoto pia ambao hupewa sweta za msaada zenye jina la mfadhili kifuani. Mtoto hupata joto, na pamoja na joto hupata tangazo la umaskini wake, ambalo hana budi kulivaa kila siku ya baridi. Je, joto lingepungua kama jina lisingekuwapo?

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si dhaifu. Mtu aweza kusema: zawadi isiyo na alama husahauliwa upesi, na mpokeaji naye hufurahi kukumbuka nani alimpa. Hilo ni kweli. Swali langu ni kama kumbukumbu yahitaji herufi. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Othello kuna kitambaa cha mkono kilichodariziwa matunda mekundu ya stroberi. Kilikuwa zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe Desdemona. Hakisemwi popote kuwa kilikuwa na jina, na hata hivyo hakuna aliyekosea ni cha nani, kwa sababu kilipendwa, na mwenye nacho alikuwa nacho daima. Kinapopotea, Iago akifikisha chumbani kwa Cassio, huyu naye, asijue ni cha nani, anakipenda kwa nakshi yake na kumwomba Bianca amshonee mfano wake. Desdemona anakufa bila ya hatia. Kazi ya sindano iliaminiwa kuliko neno la mke. Kwa hiyo alama juu ya nguo si shahidi mwema kama tunavyodhani, hata pale inapotambulikana vizuri kabisa.

Basi liandikwe jina la mpokeaji? Mimi naona hivyo, ingawa hapo pia pana mitego. Desturi ya Wamarekani ni kutumia herufi tatu, ile ya jina la ukoo ikawa kubwa katikati. Watu wengi wa pwani hawana jina la ukoo la namna hiyo. Wana jina la mtu, la baba yake, na la babu yake, kwa daraja. Ukimweka babu katikati kwa herufi kubwa, mwenye nguo amebanwa pembeni mwa nguo yake mwenyewe. Bibi arusi wa Kiswahili habadili jina la baba yake kwa sababu ya ndoa. Amtiaye herufi za mumewe katika foronya amempa jina asiloliomba. Na katika darasa la Kisumu, herufi O peke yake yaweza kudaiwa na nusu ya wavulana. Nimecheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha tu: kuchagua herufi za mtu ni kusema wewe unamwona kuwa nani. Yafaa kumwuliza kwanza, hata kama kwa kumwuliza zawadi itakosa kuwa ya ghafula.

Limebaki jina la mtu mmoja ambaye hatumtaji kamwe. Katika tirazi, khalifa ameandikwa, waziri ameandikwa, mji umeandikwa. Aliyeshona ni mara chache mno kuandikwa. Siku hizi mashine ziongozwazo na kompyuta hushona jina kwa dakika chache, na bei mara nyingi hukadiriwa kwa hesabu ya mishono. Pengine hapo hakuna wa kusikitikiwa. Lakini mzee wa Mji wa Kale alikuwa ameinamia kofia yangu miezi mitatu, nami nilimlipa alichotaka, nikaondoka nikidhani kwamba kazi ile sasa ni yangu. Mali ilikuwa yangu, ndiyo. Ile subira haikuwa yangu, wala haikununuliwa kwa zile shilingi, na mimi nilitia jina langu juu yake.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimeiomba kofia kwa shangazi, mke wa mjomba, kwa kisingizio cha kutengenezwa mshono. Fundi hakunicheka. Alizifumua zile herufi kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, kisha akakiinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha ili nione. Uzi ulikuwa umetoka. Matundu ya sindano yalikuwa yamebaki, na herufi zangu zilisomeka bado kwa vitone vya mwanga.

"Haya hayafi, mwanangu," alisema. "Ila yaweza kufunikwa."

Akashona ua juu yake, mfano wa yale mengine katika ukanda, kubwa kidogo kuliko yote. Nilimwuliza kama angependa kutia alama yake mwenyewe ndani, mahali pasipoonekana. Alisema kwamba watu wake wanaijua kazi yake. Kisha akataja ujira wa ua lile, nami nikamlipa.

Ijumaa iliyofuata mjomba alivaa kofia yake, ua likiwa mbele. Hakuniuliza neno, nami sikumweleza.