Teremka, Tukaze

Wazee wetu walikiita kitanda cha kamba "teremka tukaze". Aliyekipa jina hilo hatumjui, lakini katika maneno mawili alitia swali ambalo wenye hekima hulizunguka kwa kurasa nyingi: kitu kinachotubeba tutakitengenezaje, na sisi tungali tumekilalia?

Tukitazame kitanda chenyewe. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja cha mchagoni na kimoja cha miguuni. Katikati kimewambwa kamba. Kamba njema ni ya makumbi ya nazi, ambayo hufukiwa pwani miezi kadhaa hata yakalainika, kisha yakapondwa na nyuzi zake zikasokotwa, aghalabu kwa mikono ya wanawake. Mti wa kitanda waweza kudumu vizazi, kamba haidumu. Kila usiku hunyooka kidogo, na kulegea huko hakuna kelele. Alalaye huwa wa mwisho kujua, maana mwili hulizoea shimo hata ukalidhania ndilo umbo lake.

Methali yatuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila yatufundisha wakati tu. Haituambii ni nani atakayeondoka alipo ili kazi ifanyike. Na hapo ndipo penye uzito.

Uzito huo niliujua alipougua mama yangu. Kitanda chake kilibonyea hata mgongo wake ukakaribia sakafu. Sisi wanawe tuliona ni utovu wa adabu kumwambia mzazi mgonjwa ateremke, tukaongeza mito. Tuliita huruma. Leo nakiri ilikuwa hofu, kwani mito ile haikumpunguzia yeye maumivu. Ilitupunguzia sisi aibu. Siku moja akasema mwenyewe: "Wanangu, nitandikieni mkeka." Tukamshusha. Tukaanza mchagoni, mstari baada ya mstari, mmoja akivuta na mwingine akizuia kamba isirudi, naye pale mkekani akituelekeza: "Hapo msikaze mno, mfumbati huo mkongwe." Alijua kuwa mkazo uliozidi hukipasua kile kile unachotaka kukiokoa.

Tangu siku hiyo nimelipima jina lile kama mfasiri apimavyo neno. "Teremka" huambiwa mtu mmoja. "Tukaze" ni ya wengi, na aliyeteremka yumo. Haikusemwa "teremka tukukazie", wala "teremka tulale sisi". Basi mume nyumbani mwake, mkubwa katika cheo chake, hata mshairi aliyezikalia sifa zake za zamani, haambiwi ashuke atupwe. Aambiwa ashuke ashiriki. Lakini nasi tusemao tuna deni letu. Kabla ya kumwambia mtu ateremke, tumemtandikia wapi?

Mama alirudi kitandani magharibi ile ile. Kamba zikalia chini yake, akalalamika kwamba kimekuwa kigumu, kisha akalala hadi alfajiri. Tulikikaza mara mbili tena kabla hajatangulia mbele ya haki. Kitanda hicho sasa nakilalia mimi, na nimeona juzi wanangu wakikitazama, kisha wakanitazama mimi, wasiseme neno.