Kubishana na Mgeni

Mafungu ya kusoma nyumbani: Tito 3:9–10, Mithali 26:4–5, Mathayo 18:15, Wagalatia 2:11–14

Wiki hii nataka tulitazame swali ambalo vijana wameniuliza zaidi ya mara moja, tena baada ya ibada, wakiwa wamesimama kando kana kwamba ni jambo la aibu: Mchungaji, kubishana na watu kwenye simu ni dhambi? Hawazungumzii siasa wala mpira. Wanabishana juu ya vyombo. Simu ipi ni bora, Android au iPhone. Kama pesa za kidijitali ni pesa ama ni upepo. Kama akili bandia itamaliza kazi zote. Kama pikipiki ya umeme inaweza kubeba magunia mawili ya omena kutoka hapa Port Victoria hadi Busia kabla chaji haijaisha. Wanabishana hadi saa nane za usiku, na watu ambao hawajui sura zao wala majina yao ya kweli. Wengine wako Lagos, wengine Kampala, wengine ni nani ajuaye.

Jibu rahisi lipo, na wazee wetu hulitoa upesi: acheni upuuzi, someni Neno. Wanalishika Tito 3:9, pale Paulo anapomwambia mwanawe wa imani ajiepushe na mabishano yasiyozaa kitu. Sawa. Lakini Paulo mwenyewe alikuwa mbishi! Athene alihojiana sokoni kila siku na yeyote aliyekutana naye (Matendo 17:17), na hao walikuwa watu baki kabisa. Efeso aliendelea na mahojiano katika darasa la Tirano kwa miaka miwili. Mtu anayechukia mabishano hafanyi hivyo. Halafu kuna Mithali 26, mstari wa nne na wa tano. Mmoja unakataza kumjibu mpumbavu, na unaofuata unaagiza ajibiwe. Nimesikia watu wakisema hapo Biblia inajipinga. Hapana, ndugu. Mistari hiyo imewekwa ubavu kwa ubavu makusudi, ili kazi ya kupima ibaki kwetu.

Basi tupime. Nilisomea biashara, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na hesabu. Ukitumia saa moja kila usiku kubishana, kwa mwaka ni saa 365. Gawanya kwa siku ya kazi ya saa nane, unapata siku 45 na zaidi. Huo ni mwezi mmoja na nusu wa kazi. Bado sijaweka bando. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka waliwahi kuandikiwa bei hiyo waziwazi: kuanzia tarehe 1 Julai 2018, serikali ya Uganda iliwatoza shilingi 200 zao kwa siku ndipo wafungue WhatsApp au Facebook. Sisi huku tunalipa kwa usingizi. Lakini hesabu hii haimalizi neno, kwa sababu saa moja ya kumzuia mama mchuuzi asitume akiba yake kwa tapeli ni saa ya bei rahisi sana. Hesabu inakuonyesha ulicholipa. Haikuonyeshi ulichonunua.

Hebu tuanze na huyo mtu mwenyewe. Ziko lugha zenye maneno mawili, moja la mtu unayempikia na lingine la mtu usiyemjua. Kiswahili kina neno moja tu: mgeni. Aliyekuja kwa harusi ni mgeni, na aliyepotea njia akabisha hodi usiku ni mgeni. Wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwandishi wa Waebrania (13:2) anatukumbusha kwamba wako waliokaribisha malaika bila kujua. Sasa mtu akiingia kwenye mazungumzo na kusema simu yako ni takataka, huyo naye ni mgeni. Amebisha hodi vibaya, ndiyo, lakini amebisha hodi. (Siku hizi huenda hata si mtu, ni programu tu inayokujibu. Hilo tutaliongea siku nyingine.)

Kwa nini basi tunamtendea tofauti na mgeni wa mlangoni? Njooni ufuoni asubuhi mwone. Mvuvi na mnunuzi wa mbuta hugombana juu ya mizani karibu kila siku. Nimesikia maneno pale ambayo siwezi kuyachapisha kwenye jarida la kanisa. Lakini kesho mvuvi atahitaji mnunuzi, mnunuzi atahitaji samaki, na mama wa mmoja anasali na shangazi wa mwingine. Ugomvi wa ufuoni una kesho. Hata pale Malaba, dereva wa lori aliyetoka Mombasa na ajenti wa forodha ambaye hajawahi kumwona, wakipayukiana kwenye foleni, kila mmoja anamwona mwenzake jasho likimtoka. Mtu wa kwenye simu hana jasho. Hana shangazi. Ukimtusi, unafunga simu unalala, na hutawahi kujua kama yeye alilala.

Nchi yetu imeshaona mwisho wa njia hiyo. Kulikuwa na baraza la mtandaoni la Wakenya lililoitwa Mashada. Aliyeliendesha ni David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Watu walikutana hapo kuzungumza mambo ya kila aina, wa nyumbani na wa ughaibuni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maneno yakawa moto. Huku nchini watu zaidi ya 1,100 walikuwa wanauawa katika majuma yale, na kule barazani Wakenya waliokaa mbali na panga lolote walikuwa wakichochea. Mwishoni mwa Januari 2008 Kobia alilifunga baraza lake mwenyewe. Fikiria mfanyabiashara anafunga duka lenye wateja wengi kuliko wakati wowote! Akafungua ukurasa mwingine wa watu kukiri kwamba hawana kabila, wao ni Wakenya.

Mwezi huohuo, Kobia huyohuyo alikuwa ameshirikiana na Ory Okolloh, Erik Hersman na Juliana Rotich kuunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni ambayo mwananchi wa kawaida aliweza kuitumia kutoa habari za ghasia zilikotokea. Walikuwa wametawanyika nchi mbalimbali, wakiongea kwa mtandao. Tetemeko la Haiti lilipotokea Januari 2010, chombo hicho cha Kenya kilitumika huko. Kwa hiyo tusiseme shida ni mtandao. Ni watu wa taifa moja, mtandao uleule, mwezi uleule. Wengine walikuwa wakichomana kwa maneno, wengine wakitafuta nani ameumia na yuko wapi.

Tofauti ilikuwa nini? Naamini ni hii. Anayekuja kuchoma haongei na yule anayemjibu. Anaongea na watazamaji. Yule mtu amegeuka jukwaa, na yeye amepanda juu yake ili aonekane. Hapo ndipo mimi naiona dhambi, hata kama kila neno ulilosema ni kweli. Unaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu betri na bado umemkanyaga mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ili watu kumi na wawili wakuwekee vikatuni vya kucheka. Kipimo ninachowapa vijana ni kimoja. Kama huyo mtu akubaliane nawe leo kimyakimya, kwa faragha, bila mtu mwingine kuona, utafurahi? Ama utahisi umeibiwa ushindi? Ukihisi umeibiwa, basi ukweli haukuwa ndio bidhaa uliyokuwa ukiuza.

Yesu aliweka utaratibu katika Mathayo 18: nenda ukamwambie mkiwa wawili peke yenu. Ikishindikana, chukua shahidi mmoja au wawili. Mbele ya watu wote ni hatua ya mwisho. Sisi tunaanzia ya mwisho, tena kwa herufi kubwa.

Lakini najua mtaniambia, Mchungaji, uongo ukisemwa mbele ya watu mia mbili, nikimnong'oneza msemaji peke yake, hao mia mbili watabaki nao. Ni kweli, na hapo Wagalatia 2 inakuja. Petro alipokosea mbele ya wote, Paulo alimpinga mbele ya wote, kwa sababu kosa lilikuwa linawavuta wengine, hata Barnaba. Lililoharibika hadharani hutengenezwa hadharani. Ila angalieni, Paulo alisema kosa ni lipi na linavunja nini. Hakumwita Petro majina.

Namna tunavyobishana ina gharama kubwa kuliko tunavyodhani. Mnakumbuka Huduma Namba. Usajili ulipoanza Aprili 2019, simu zetu zilijaa mabishano. Wengi wa ndugu zetu wapendwa walishika Ufunuo 13 wakasema hii ndiyo 666, na anayeuliza ni mpinga Kristo. Upande wa pili ukawacheka, washamba wa kanisa hao. Katikati ya kelele kulikuwa na maswali halali kabisa: habari zetu zitakaa wapi, nani atazilinda, na asiye na karatasi atapata wapi huduma? Sisi wa mpakani swali hilo la mwisho tunalielewa bila kufafanuliwa. Miaka ile mtu wa huku alipokwenda kuomba kitambulisho, huenda aliulizwa babu yake alizikwa upande gani.

Maswali hayo yaliokolewa na watu waliokwenda kubishana mahali penye kanuni. Nubian Rights Forum na mashirika ya haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu. Kabla hata usajili haujazinduliwa, mahakama ilisema mtu asilazimishwe. Kesi ikiendelea, Novemba 2019, nchi ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data. Na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakaamua kwamba mpango hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha, na kwamba kukusanya DNA na alama za GPS za makazi ya watu ni kinyume cha Katiba. Pale mahakamani walisimama watu wasiojuana, wasiokubaliana, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita mwenzake mshamba. Kila mmoja alisikia hoja ya mwenzake hadi mwisho kabla ya kujibu, jambo ambalo Mithali 18:13 inalidai kwa kila mmoja wetu. Ninawaheshimu ndugu zetu waliokuwa na hofu ya 666, maana hofu yao ilikuwa ya kumcha Mungu. Lakini kelele yetu ilifanya iwe rahisi kwa wakubwa kutupa swali la maana pamoja na povu lake.

Ya Worldcoin mwaka 2023 yalifuata njia hiyohiyo. Vijana walipanga foleni pale KICC Nairobi wapigwe picha ya mboni ya jicho, wapate sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi. Waliouliza picha hizo zinaenda wapi waliambiwa wanaonea vijana wivu. Agosti serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wale waliouliza kwa upole mwaka 2023, wakatukanwa na bado wakauliza tena, walifanya kazi ya jirani mwema. Kunyamaza wakati ule kungeonekana utakatifu, na kungekuwa ukimya wa yule kuhani aliyepita upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo tubishane hadi lini? Wahenga wana methali nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilicheka nilipoisoma Tito 3:10 nikiwa na methali hiyo kichwani, kwa sababu Paulo anasema karibu jambo hilohilo. Mwonye mara moja, mara ya pili, kisha mwache. Mgeni unampokea, unampa kiti, unamsikiliza. Siku ya kwanza na ya pili unajibu hoja yake kwa adabu na kwa ushahidi. Siku ya tatu unampa jembe, yaani sasa na yeye alime, alete ushahidi wake tuutazame. Asipotaka kulima, umemaliza wajibu wako, mwage kwa amani ulale. Na jembe linakata pande zote mbili. Ukiwa wewe ndiye uliyeingia kwenye mazungumzo ya watu wengine na maneno makali, basi mgeni ni wewe, na jembe ni lako.

Kuna kijana wetu mmoja anayetengeneza simu pale sokoni. Kwa miezi kadhaa alikuwa akibishana na fundi mwenzake asiyemjua, wa upande wa Uganda, juu ya iPhone, mbele ya watu wengi, na kwa maneno ya chumvi. Siku moja ililetwa kwake simu ya mama mmoja muuza omena, haiingizi chaji, na namba zote za wateja wake zilikuwa humo. Kijana alishindwa. Akamwandikia yule mpinzani wake kwa faragha. Yule bwana akamtumia picha ya saketi, akamwonyesha kwa alama nyekundu mahali pa kupima, wakakaa wote wawili hadi saa sita usiku mpaka simu ikawaka. Mama alichukua simu yake asubuhi kabla mashua hazijarudi. Kuhusu iPhone, hao wawili hawajakubaliana hadi leo.