Aliyepona nusu atoe ushuhuda gani?

Ulizo hili lilitoka katika kundi letu la filimbi, nami naliandika kusudi tulifikiri wote: mtu aliyepasuliwa na ambaye hajapona sawasawa, akisimamishwa mbele ya kanisa, aseme nini?

Ndugu yetu alianza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole havikusikia tena matundu ya filimbi. Kisha miguu ikakaza, akawa anatembea kama mtu asimamaye ndani ya mtumbwi. Wengine walisema ni wachawi, wengine uzee. Waganga wa hospitali waliona jambo lingine. Ndani ya mifupa 7 ya shingo inapita kamba laini ya neva, ipelekayo amri za kichwa mpaka mikononi na miguuni. Mifupa ikiota vichipukizi, na vile visahani vilivyo katikati yake vikichakaa na kutokeza, njia inakuwa nyembamba na kamba inabanwa. Alipasuliwa, wakaondoa vilivyobana.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui. Kazi ya kwanza ya upasuaji huo ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Neva iliyojeruhiwa haiwaki siku ile ile kama taa ya umeme (na kwetu hata taa yenyewe haiwaki kila siku!). Nguvu inarudi polepole, zaidi katika miezi 6 mpaka 12 ya kwanza. Kwa wengine inaendelea hata baadaye, kwa wengine sehemu hairudi kamwe, hasa kama kamba ilibanwa muda mrefu mbele ya kupasuliwa. Ndiyo sababu siwakubali wale wanaomweka mgonjwa wa namna hii miezi na miezi katika maombi na kumkataza hospitali. Maombi na munganga havigombani. Na wale wanaoizungusha shingo ya mgonjwa mpaka ilie, waache mara moja, wanaweza kumlemaza.

Ilipofika siku ya shukrani, watu walimwambia: Simama, sema umepona kabisa, kusudi imani ya wengine ipate nguvu. Akaniuliza: "Shemasi, nikisema hivyo, na kikombe kikaniponyoka mbele yao?"

Wako wanaofikiri kwamba kusema "nusu" ni kumpunguzia Mungu utukufu. Mimi naona kinyume. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama watamtetea Mungu kwa uongo (Ayubu 13:7). Na tumtazame yule kipofu wa Bethsaida (Marko 8:22-25). Yesu mwenyewe alimwuliza kama anaona kitu. Naye hakusema kwa heshima tu, "Naona vizuri, Bwana." Alisema kweli: watu anawaona kama miti inayotembea. Yesu akaweka mikono mara ya pili. Kama angalidanganya, angalirudi nyumbani na miti yake.

Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema fimbo ile inaonyesha dhambi iliyofichwa. Hapa nataka kuuliza kwa ukali kidogo. Papa Simon Kimbangu, aliyeponya wagonjwa huko Nkamba katika mwaka 1921, alihukumiwa mwaka ule ule, akakaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Mlango haukufunguliwa. Nani kati yetu atasema alikosa imani? Basi fimbo ya ndugu yetu imekosa nini?

Alisimama akasema hivi: "Nilikuwa naanguka, sasa natembea na fimbo. Vidole viwili vinalala bado. Namshukuru Mungu." Haikupigwa kelele ya furaha. Lakini baada ya ibada mama mmoja alinijia, akanionyesha mikono yake. Tangu miezi mingi haishiki sindano, naye alikuwa akificha. Ushuhuda wa kupona kabisa usingalimtoa mafichoni.

Tena, kusema nusu si ruhusa ya kulala. Maneno yetu matatu ni Upendo, Amri na Kazi, na hapa Kazi ina sura yake: kuokota maharagi moja moja katika sahani, kufunga na kufungua vifungo, kutembea kila jioni. Asibebe mzigo kichwani, hata kama anaona aibu kumwachia mke wake ndoo.

Upendo nao uwe na mikono. Tunapovua viatu kwa kusali, yeye hasikii vizuri sakafu chini ya nyayo, basi mtu amshike mkono mpaka akae, maana kuanguka kwaweza kumrudisha nyuma. Usiku taa iwekwe karibu naye. Na mkimkuta njiani akifanya mazoezi, msimsimamishe kwa salamu ndefu, mtembee naye.