Dhambi ya Dunia au Dhambi za Dunia?

Waumini wa misheni ya Kikatoliki ya Asumbi, katika Jimbo la Homa Bay, wanaposali kwa Kiswahili, nomino "dhambi" haibadiliki kwa umoja wala wingi, kwa kuwa imo katika ngeli ya I-ZI, na katika maneno "dhambi ya dunia" na "dhambi za dunia" idadi hudhihirishwa na kihusishi tu, yaani "ya" au "za". Kijaluo nacho hutenganisha "mar" ya umoja na "mag" ya wingi. Kifaransa kina hali inayokaribiana na ya Kiswahili, kwani "péché" na "péchés" hutamkwa sawasawa, na sikio hutambua tofauti kwa kibainishi kinachotangulia, "le" au "les".

Jambo hili si la sarufi pekee. Injili ya Yohana 1:29, inapomtaja Mwanakondoo wa Mungu aondoaye dhambi, ina nomino hiyo katika umoja kwa Kigiriki, ilhali sala ya Kilatini ya Mwanakondoo ina wingi. Misale ya Kifaransa ilifuata umoja hadi tafsiri mpya iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2021, ilipochagua wingi. Umoja huelekeza fikra kwenye hali moja ya kutengana na Mungu, ambayo ndiyo mzizi wa uovu wote, na wingi huelekeza kwenye matendo yanayoweza kuhesabiwa na kuungamwa moja moja. Kwa hiyo mfasiri anayechagua kati ya "ya" na "za" huamua pia, hata asipokusudia, iwapo mwamini ataanza kwa kuutazama mzizi au matunda yake, ingawa mti ni uleule.