Nani Aliyeuangusha Mteremko?

Maji mekundu ya masika hapa Gonja yanabeba udongo wa safari ndefu. Unashuka kutoka milima ya Upare, unaingia Mto Mkomazi, kisha Mto Pangani, na sehemu yake hufika Bahari ya Hindi. Huko hutulia chembe juu ya chembe, maji yakinaswa katikati. Mteremko wa mashapo ya namna hiyo unaweza kukaa kimya maelfu ya miaka, ukadhaniwa imara.

Kisha ardhi inatetemeka. Chembe zinataka kubanana, lakini maji hayawahi kutoka. Shinikizo lake linapanda, chembe zinaachana, na kilichokuwa kigumu kinatiririka kama uji. Tarehe 18 Novemba 1929, kusini mwa kisiwa cha Newfoundland, Amerika Kaskazini, tetemeko la ukubwa wa 7.2 liliporomosha mteremko wa chini ya bahari. Mkondo wa tope ulikata nyaya 12 za telegrafu, na tsunami iliyofuata ikaua watu 28.

Nani aliyeuangusha? Tunajibu upesi: tetemeko. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kikimwagika hatuulizi habari za haba. Tunautafuta mkono uliokigusa.

Novemba 2009, huko Goha, Mamba, katika wilaya yetu hii ya Same, mlima ulioloa mvua uliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya msiba kama huo, mmoja husema mvua imeua. Mwingine husema walijitakia, kwa nini wajenge pale? Wote wawili wananawa mikono: wa kwanza anaitupia mbingu, wa pili anawatupia marehemu.

Naona sababu na lawama ni vitu viwili. Mvua haina masikio ya kulaumiwa. Asiye na kiwanja kingine naye halaumiki. Kinachobaki ni wajibu, nao ni wa kila anayeweza kuuona mteremko kabla haujaanguka na akawa na uwezo wa kufanya jambo.

Hata kati yetu ni hivyo. Mtu akivunjika kwa neno dogo, msemaji hujitetea: “Nilisema neno moja tu.” Kama hakujua kilichokuwa kimemlundikia mwenzake, tumsamehe. Kama alijua, udogo wa neno haumtetei. Na wengi wetu, tukiwa wakweli, huwa tunajua.